Kiti cha mbele kilikuwa cha Kamau

Leo tuache trendi za wiki kidogo. Nataka kuongea kuhusu ajali ya ndege iliyotokea Voi siku ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1931. Najua unajiuliza, kwani huyu amekosa maudhui? Ngoja kidogo.

Kama umewahi kutazama Out of Africa, ile muvi ya 1985 ya Meryl Streep na Robert Redford, tayari unajua nusu ya hii stori. Kuna Mzungu anaitwa Denys Finch Hatton. Mwindaji, msomi, mtoto wa ukoo wa kifalme-kifalme huko Uingereza, mpenzi wa Karen Blixen mwenye shamba la kahawa pale chini ya vilima vya Ngong. Jamaa ananunua ndege, anapaa nayo, siku moja inaanguka na anakufa. Anazikwa Ngong. Muvi ikabeba Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora. Watalii bado wanakuja Karen hadi leo kuangalia ile nyumba, na wengine wanapanda Ngong kuona kaburi.

Nusu ya pili ni hii: ndege ilikuwa na watu wawili. Mwenzake aliitwa Kamau. Alikuwa Mkikuyu, mfanyakazi wa Finch Hatton. Wote wawili walikufa pale pale, siku ile ile, kwa moto ule ule.

Kamau. Basi. Hiyo ndiyo karibu kila kitu ambacho vitabu vinakupa.

Sasa tuongee ndege yenyewe, juu ukielewa ile ndege utaelewa kwa nini hii kitu imenishika hivi. Ilikuwa de Havilland Gipsy Moth. Usifikirie ndege za siku hizi za kwenda Ukunda wikendi. Hii ilikuwa fremu ya mbao na plywood, mabawa mawili juu na chini, yamefunikwa kitambaa. Injini ya nguvu ya farasi 100 hivi, yaani injini ya probox ya jirani yako inaizidi au inakaribiana nayo. Haikuwa na paa. Unakaa nje kabisa, upepo unakupiga usoni, umevaa kofia ya ngozi na miwani. Hakuna redio. Hakuna kisanduku cha kurekodi chochote. Lakini ilikuwa ndege nzuri ya wakati wake, msichukulie poa. Mwaka mmoja kabla, Mei 1930, mwanadada Mwingereza anaitwa Amy Johnson alitoka Uingereza hadi Australia peke yake na ndege ya aina hiyo hiyo.

Gipsy Moth ilikuwa na viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Na hapa ndipo penye utamu na uchungu: rubani alikuwa anakaa kiti cha nyuma. Abiria ndiye anakaa mbele. Na tangi la mafuta halikuwa mkiani wala tumboni. Lilikuwa limewekwa katikati ya bawa la juu, karibu juu ya kichwa cha yule wa kiti cha mbele, ili mafuta yateremke yenyewe kwenda kwa injini.

Kwa hivyo kama walikaa kwa mpangilio wa kawaida, Kamau alikuwa mbele ya kila kitu. Mbele ya rubani, nyuma ya injini, chini ya petroli. Bila usukani mkononi, na bila mtu wa kumuuliza unaonaje, tupae ama tusipae.

Safari ilikuwa ya nini? Ndovu. Finch Hatton alikuwa anapeleka matajiri safari za kuwinda. Hata mwana wa mfalme wa Uingereza alipelekwa naye safari mara mbili, 1928 na 1930. Sasa akawa na wazo kwamba ukiwa juu angani unaweza kuona makundi ya ndovu mapema, halafu unarudi kuwaambia wateja waende wapi. Akaenda Voi kujaribu. Asubuhi ya kurudi Nairobi, ndege ikapaa, ikazunguka juu ya uwanja, halafu ikaporomoka na kuwaka moto. Finch Hatton alikuwa na miaka 44. Hakuna aliyewahi kueleza kwa uhakika ni nini kiliharibika.

Kuna kitu marubani hufundishwa mapema sana. Ndege inabebwa na hewa inayopita kwenye bawa. Ukiwa chini karibu na ardhi, mwendo haujakolea, halafu ukate kona kali, bawa linaweza kuachilia ghafla na huna nafasi ya kurekebisha. Hewa ya joto nayo ni nyepesi, inabeba kidogo kuliko ya baridi, na ukishawahi kushuka Voi mchana kunyoosha miguu ukienda Mombasa unajua hiyo joto. Sisemi ndicho kilichotokea. Nasema tu ndege za wakati ule zilikuwa hazikusamehe.

Sasa sikia hii. Wanawake wawili maarufu waliandika kwamba nusura wawe kwenye ile safari.

Wa kwanza ni Karen Blixen mwenyewe. Anasimulia kwenye kitabu chake cha 1937 kwamba aliomba aende. Denys akakubali, kisha akabadilisha mawazo. Akamwambia safari itakuwa ngumu, huenda akalazimika kutua na kulala porini, kwa hivyo atahitaji kubeba mfanyakazi.

Wa pili ni Beryl Markham, yule rubani aliyekulia Njoro. Kwa maelezo yake kwenye kitabu cha 1942, Denys alimwalika, lakini mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, akamwomba asiende siku hiyo. Hakuwa na sababu ya maana, ni moyo tu ulikataa. Beryl akabaki.

Kila mtu anayesimulia hii ajali anapenda hapo. Lo, angalia bahati! Angalia vile kifo kilimpita! Na mimi pia nilisisimka mara ya kwanza kusoma. Lakini manze, fikiria hesabu. Ndege ina viti viwili. Karen hakukaa pale. Beryl hakukaa pale. Kile kiti hakikubaki kitupu. Bahati ya mmoja ilikuwa na mtu upande wa pili, na yule mtu hakuna anayemuuliza kama moyo wake ulikataa asubuhi ile. Hata kama ulikataa, angesema nini? "Bwana, leo sijisikii kupaa"? Mwaka wa 1931? Ndani ya koloni?

Finch Hatton alipelekwa Nairobi, akazikwa kwenye vilima vya Ngong mahali alipopapenda. Baadaye ndugu yake akajenga mnara wa mawe na kuweka kibao cha shaba. Blixen anasimulia kwamba simba walikuwa wanakuja kulala juu ya lile kaburi jioni. Kuna kambi ya kifahari Tsavo inayobeba jina la Finch Hatton mpaka leo. Hata simba wana aya yao kwenye hii stori. Kamau ana neno moja.

Najua kuna msee tayari anaandika: "Wacha zako bana, hiyo ilikuwa zamani, hawakuwa wanaandika majina ya Waafrika."

Hapana. Walikuwa wanaandika vizuri sana. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba kipande. Ni ile karatasi ndani ya kijisanduku cha chuma, unakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Ndani kulikuwa na jina lako, kwenu ni wapi, alama za vidole, mwajiri wako na mshahara wako. Ukipatikana bila hiyo, ni jela ama faini. Serikali ilijua Kamau ni nani. Ilijua kwa ajili ya kazi, ili asitoroke mwajiri. Ilipofika wakati wa kumkumbuka, ndipo kalamu ikaisha wino.

Na kama unadhani ni vile ajali za zamani zilivyoandikwa, linganisha na nyingine. Tarehe 12 Machi 1928, miaka mitatu kabla, ndege ilianguka Nairobi, kwa uwanja wa Ngong Road. Rubani alikuwa Maia Carberry, mmoja wa wanawake wa kwanza kurusha ndege Kenya, na alikuwa anafundisha mwanafunzi. Wote wawili walikufa. Mwanafunzi aliitwa Dudley Cowie. Umeona? Huyo naye hakuwa staa. Hana muvi. Lakini ana jina la kwanza na la pili, unaweza kumtafuta na kumpata. Walowezi wawili wakianguka, tunapata majina manne. Mlowezi na Mwafrika wakianguka, tunapata jina refu la Mzungu, na Kamau.

Kwa Wakikuyu, Kamau pekee halijaisha. Kamau wa nani? Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mzee yeyote angekuuliza. Jina linakuja na baba nyuma yake, na lenyewe linatoka kwa mtu aliyekuwepo kabla, mara nyingi babu. Kwa hivyo kumwita "Kamau" tu ni kama kumkata katikati, ukaacha upande usio na familia.

Hii kitu inaniuma kwa sababu zangu pia, na naomba mniruhusu.

Anko yangu, mdogo wake baba, alikuwa utingo wa lori. Alikuwa anafanya barabara ya Mombasa, Nairobi kwenda bandarini na kurudi. Alikufa kwa ajali usiku mmoja nikiwa darasa la sita, na ilikuwa hiyo hiyo nyika ya upande wa Voi. Gazeti moja likaandika ile ajali kwa mistari michache. Dereva alitajwa, majina yote matatu, umri, na mahali alipotoka. Halafu ikafuata koma na maneno matatu: "na utingo wake".

Utingo wake. Kama gurudumu la akiba.

Baba alikata ile habari na makasi, akaiweka kwenye Biblia. Sikuelewa kwa nini mtu anaweka karatasi ambayo haina hata jina la ndugu yake. Nilikuja kuelewa nikiwa mkubwa: ilikuwa ndiyo karatasi pekee iliyosema kwamba kulikuwa na mtu upande wa kushoto wa lile lori. Ilisema vibaya, lakini ilisema.

Kwa hivyo nikisoma "Finch Hatton na mfanyakazi wake", naisikia ile koma. Naisikia kabisa. Na si 1931 tena. Angalia habari za juzi tu. Matatu imepinduka: daktari fulani na wengine 11. Helikopta imeanguka: mheshimiwa, na walinzi, na rubani. Tunajua mheshimiwa alisoma wapi, alioa lini, alipenda chakula gani. Walinzi ni "na". Tumezoea hii "na" mpaka hatuisikii ikipita.

Kuna mwingine atasema, sawa, lakini jina litasaidia nini? Mtu amekufa, amekufa. Jina halirudishi mtu.

Hapo naomba nitoe mifano miwili kutoka nje, juu usafiri wa ndege ndio umenifunza hili.

Tarehe 31 Machi 1931, wiki sita tu kabla ya Voi, ndege ya abiria ilianguka Kansas, Marekani. Fokker F-10, watu 8 ndani, wote wakafa. Mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa futiboli ya Kimarekani aliyependwa nchi nzima. Kwa sababu ya Rockne, watu walikasirika na kutaka majibu. Serikali ikashindwa kunyamaza. Ikaja kujulikana kwamba bawa la ile ndege lilikuwa la mbao, na unyevunyevu ulikuwa umeingia ndani ukadhoofisha gundi. Ndege za aina hiyo zikazuiwa kwa muda, zikawekewa ukaguzi mkali, na kampuni zikakimbilia ndege za chuma. Ndege unayopanda leo ina deni kwa hasira ya mashabiki wa mpira. Kifo kilichoulizwa maswali kikaokoa watu ambao hawajazaliwa.

Wa pili ni David Warren wa Australia. Mwaka wa 1934 baba yake alipanda ndege inaitwa Miss Hobart, ikapotea juu ya bahari kati ya Tasmania na bara. Haikuonekana tena. Mtoto akakua bila kujua kilichotokea. Akawa mwanasayansi, na miaka ya 1950 akatengeneza kifaa cha kurekodi sauti za marubani na mienendo ya ndege, kisije kikapotea hata ndege ikiharibika. Ndicho tunaita kisanduku cheusi. Sasa kila ndege kubwa inacho.

Mnaona kitu kimoja kwenye hizo stori mbili? Mtu alikufa, na kulikuwa na watu wenye uwezo wa kuuliza kwa sauti. Kuuliza kunaanza na jina. Huwezi kudai majibu ya "na wengine". Huwezi kulipwa fidia ya "na utingo wake". Muulize shosho yangu vile alizunguka ofisi akitafuta karatasi za kuthibitisha kwamba mwanawe alikuwa ndani ya lile lori. Jina si pambo la kaburi tu. Ndiyo tiketi ya familia kuingia kwenye chumba ambacho maswali yanajibiwa.

Na dunia iliwahi kukubali hilo, angalau kwenye karatasi. Desemba 1944 nchi zilikutana Chicago kuandika mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu cha 29 kinasema ndege inayovuka mipaka ikibeba abiria lazima iwe na orodha ya majina yao, wametoka wapi na wanaenda wapi. Fikiria hiyo. Kifungu hakisemi majina ya wakubwa. Kinasema abiria. Kwenye ile orodha, tajiri na yaya wake wana mstari mmoja mmoja, herufi saizi moja. Kwangu hiyo ni moja ya karatasi zenye heshima zaidi duniani, na hakuna mtu huiangalia isipokuwa siku mambo yameharibika.

Simchukii Finch Hatton, tusikosane hapo. Alikufa kifo kibaya na waliompenda walilia kweli. Kibao chake kibaki. Sitaki mtu aende Ngong kung'oa shaba. Ninachotaka ni kidogo: wakati mwingine ukisimulia hii stori, kama wewe ni mwalimu, mwongoza watalii, ama unatengeneza tu video kama mimi, hesabu watu wa ndege. Sema wawili. Sema Kamau, na useme alikuwa abiria, si mzigo wa Denys.

Na kwa ajali za leo, ukiandika, ukisambaza, ukisoma habari, itafute ile "na". Simama hapo sekunde mbili. Uliza, ni nani huyo? Si lazima kila jina liende mtandaoni. Shosho alikataa niweke la anko hapa, akasema mtoto wake si wa kuchezewa na watu asiowajua, na mimi siwezi kubishana na yeye. Lakini kukataa ni kwake. Ni yeye ana haki ya kulificha jina. Gazeti halikulificha, lilikuwa tu halijali kuuliza.

Ndugu yangu wa mwisho alizaliwa miaka miwili baada ya ile ajali. Kwetu mtoto hubeba jina la mtu, na yeye akapewa la anko. Mama anaita lile jina kama mara hamsini kwa siku, haswa wakati wa kuosha vyombo. Nafikiria hata kwa kina Kamau kulikuwa hivyo. Pengine baada ya 1931 alizaliwa kijana mahali fulani Kiambu ama Murang'a ama Nyeri, akapewa lile jina, na sasa wajukuu wake wako kwa matatu hapa mjini wakiskroli simu, wanasoma hii kitu na hawajui inawahusu.

Kama ni wewe, niaje. Ulizia shosho wako kabla hajasahau. Kamau wa nani?